Mpungati, Kenda na Ufundi wa Kuuliza

Hesabu kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayeingiza ng'ombe zizini: imo, ibili, idatu, inne, itano, itandatu, mpungati, inane, kenda, ikumi. Msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani. Anakwenda vizuri mpaka tano, sita inampa taabu kidogo, akifika saba anajikwaa, kwenye nane anapona, kwenye tisa anajikwaa tena. Akitulia kidogo atagundua kwamba hata hayo mawili yaliyomkwaza si wageni kwake. Kenda bado limo katika kamusi zetu. Limo katika jina la Mijikenda, jamii tisa za pwani ya Kenya. Wakikuyu huhesabu tisa kwa kenda hadi leo, na waliotafsiri Biblia ya Union Version ya 1952, walipofika kwa wale kondoo wa Luka 15 walioachwa nyikani, waliandika kenda pale ambapo sisi tungesema tisa. Mpungati ndilo lililojificha zaidi. Sura yake ya pwani ni mfungate, yaani saba, na limesalia kwetu katika fungate, zile siku saba za maharusi kukaa ndani. Siku hizi watu huenda fungate ya siku tatu na hakuna anayeshangaa, maana saba imeshatoka ndani ya neno.

Ukivuka bahari hadi Ngazija utaambiwa saba ni mfukare na tisa ni shenda. Basi Bariadi ya Usukumani na Moroni ya Ngazija, miji isiyojuana, inashika ncha mbili za kamba moja, na katikati yake waungwana wa mwambao walipokea sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, nane ikaachwa peke yake kama mpangaji mkaidi aliyekataa kuhama. Neno linaloitwa la kale Unguja ni neno la kuhesabia mitamba huko Nkololo, Usukumani.

Waingereza nao wana fungate yao. Zamani waliita wiki sennight, mkato wa maneno yenye maana ya usiku saba. Shakespeare alilitumia bila kulifafanua kwa sababu kila mtu alilijua. Sasa limekufa. Ndugu yake, fortnight, yaani usiku kumi na nne, anaishi Uingereza bila wasiwasi, ingawa Marekani wamekwisha kumsahau. Na kaskazini ya Uingereza, kwenye mabonde ya Yorkshire na Cumbria, wafugaji wa kondoo walisikika wakihesabu kwa namba zisizofanana na za Kiingereza cha shule: yan, tan, tethera, methera, pimp. Kumi na tano ni bumfit. Hiyo pimp ni jamaa ya pump, tano ya Kiwelishi. Wanaisimu wanabishana kama namba hizi zilibaki tangu kabla Waingereza hawajaingia kisiwani humo, au zililetwa baadaye na watu wa magharibi. Ubishi huo una raha yake, lakini mimi huvutwa zaidi na mtu aliyekaa juu ya ukuta wa mawe, karatasi mkononi, akamwacha mchungaji amalize kuhesabu kabla hajamwuliza chochote.

Kazi ya mtu huyo ndiyo ninayotaka kuisifu. Haina jina zuri kwa Kiswahili. Tunasema mtunga kamusi, kana kwamba anatunga. Hatungi kitu. Anaokota, anapangusa, anaandika alipookota, kisha anangoja.

Aliyeifanya vizuri kuliko wengi aliitwa Joseph Wright. Alizaliwa Yorkshire mwaka 1855, katika umaskini wa kweli. Akiwa na miaka sita alikuwa akiongoza punda wa mkokoteni kwenye machimbo ya mawe. Mwaka uliofuata aliingia kiwanda cha sufu cha Saltaire. Hakujua kusoma mpaka alipokaribia miaka kumi na tano. Baadaye alikwenda Ujerumani, akapata shahada ya uzamivu Heidelberg mwaka 1885, na mwishowe akawa profesa Oxford, ambako kijana mmoja aliyeitwa J. R. R. Tolkien alikaa darasani kwake. Kati ya 1898 na 1905 Wright alitoa kamusi ya lahaja za Kiingereza katika majuzuu sita. Malighafi yake ilikuwa vipande vya karatasi, takriban milioni moja, vilivyokusanywa na wapenda lugha wa kila wilaya tangu chama chao kilipoundwa mwaka 1873. Neno kama nesh, linalomhusu mtu asiyevumilia baridi, lilikuwa limekwisha fukuzwa katika Kiingereza cha vitabu. Kwa Wright lilikuwa neno la watu waliokuwa bado wakilisema. Hakuliingiza kamusini kwa huruma, aliliingiza kwa sababu lilikuwa linafanya kazi.

Kipande kimoja cha karatasi, neno moja. Juu yake kidahizo. Chini maana, kwa maneno machache yanayotosha. Kisha sentensi iliyosemwa na mtu, kama alivyoisema. Kisha mahali na mwaka. Ukikosa sentensi, maana yako ni madai tu. Ukikosa mahali, hujui neno ni la nani. Waliozoea kazi hii humjua mkusanyaji mvivu kwa kutazama karatasi zake mia za mwanzo: maana zimejaa, sentensi hakuna.

Lakini kabla ya kuandika kuna kuuliza, na hapo ndipo wengi huharibu. Mwaka 1950 Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds alianza uchunguzi wa lahaja za Kiingereza uliochukua miaka kumi na mmoja, vituo 313, vingi vikiwa vijiji vya wakulima, na maswali zaidi ya 1,300 kwa kila kituo. Watafutaji wake walitafuta wazee waliozaliwa hapo hapo, wasiotembea sana, wenye meno ya kutosha kutamka vizuri. Kanuni ilikuwa moja: usilitamke neno unalolitafuta. Uliza mnaitaje pale kuku wanapolala. Onyesha picha ya ng'ombe, gusa sehemu, nyamaza. Ukilisema neno wewe, mzee atakubali kwa adabu, na adabu ya mwenyeji imewapotosha watafiti wengi kuliko uongo.

Jambo hili lina uzito wa pekee Usukumani, ambako heshima kwa mgeni ni kazi nzito. Fika kwenye kaya, Itilima au Maswa, useme mwangaluka, uitikiwe, upewe kigoda. Ukianza moja kwa moja na "Mayu, si ndiyo nyinyi mnaita hivi?", mayu, yaani mama mwenyeji, atasema ndiyo, ee, tunaita. Hataki ukose. Utaondoka na neno ambalo pengine lilitumika kwa jirani, au kwa babu yake, au halikutumika kabisa. Fundi mwenyewe hafanyi hivyo. Akitaka ngitili, kwa mfano, hawezi hata kuigusa kwa jina. Ataomba aonyeshwe malisho. Atauliza kiangazi ng'ombe na ndama wanakula nini majani yakikauka. Atauliza kile kipande kilichoachwa mvua zilipoanza, kisichoingizwa mifugo mpaka ukame uume, kinaitwaje, ni cha nani, nani anakifungua. Neno litajitokeza lenyewe katikati ya maelezo, likiwa na viungo vyake vyote: mwenye eneo, ulinzi, faini, mwezi wa kufungua. Neno lililochotwa hivi huja na nusu ya fasili yake.

Na akishalipata haridhiki. Anamwuliza mtu wa pili, mbali na wa kwanza, bila kumwambia wa kwanza alisema nini.

Kuna mtego mwingine. Vijana wa Bariadi mjini hutaja namba za simu na bei za pamba kwa Kiswahili, hata mazungumzo yakiwa ya Kisukuma. Mtafiti akiwauliza namba akiwa na daftari, atapewa saba na tisa. Akikaa zizini jioni, na mzee akahesabu kwa sauti asijue kama anasikilizwa, ataipata mpungati. Ndiyo maana mkusanyaji mzuri hufanana na mtu asiye na shughuli.

Baada ya kuuliza, sikio. Kisukuma kina irabu saba, na kila moja huweza kuwa fupi au ndefu. Alfabeti ya Kiswahili ina herufi tano za irabu. Anayekiandika kwa herufi zetu anatia watu wawili katika shati moja. Kisha kuna sauti ya kupanda na kushuka. Irvine Richardson alichapisha uchunguzi wake kuhusu jambo hili mwaka 1959, na waliomfuata wameendelea kulishangaa: sauti ya juu ambayo ni mali ya silabi fulani husikika silabi mbili mbele yake. Msikilizaji asiyejua ataiandika pale alipoisikia, akose mwenyewe. Kisha kuna zile m na n zinazotoka kwa pumzi, kama katika mhola, na kama katika Mwanhuzi, makao makuu ya Meatu. Hiyo h iliyoko kwenye vibao vya barabarani haiko pale kwa pambo. Iliwekwa na mtu aliyesikiliza.

Ingawa hata hapo alisikia nusu. Majina ya Mwa- yametapakaa mkoa mzima wa Simiyu, Mwandoya, Mwamapalala, Mwamanyili, na wenyeji wengi wakiyatamka kwao wanaanza na Ng'wa-, kiungo kinachosema hapa ni kwa fulani. Karani alipokutana na ng'w akaona haina mahali kwenye daftari lake, akaandika mw, ramani ikakubali. Mwanza imepita njia hiyo hiyo. Hata yule mtu wa miujiza aliyefariki mwaka 1936 tunamwandika Mwanamalundi, na Wasukuma wanamwita Ng'wanamalundi. Mtafuta asili za maneno akianza na maandishi bila kurudi kwenye midomo ataeleza historia ya makarani.

Mkoa wa Simiyu wenyewe ni mchanga, ulizaliwa mwaka 2012 kwa kukata Shinyanga na Mwanza, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 2,140,497. Lugha iliyomo haikufuata mipaka hiyo. Watu wa Bariadi ni Wanantuzu, na lahaja yao hujitaja kwa kiambishi chake chenyewe: Ginantuzu. Ukienda magharibi ni Kimunasukuma. Kusini mashariki ni Jinakiiya. Ki, gi, ji: kabla msemaji hajafika kwenye jina la lahaja yake, silabi ya kwanza imeshakuambia anatoka wapi. Sijui lahaja nyingi zinazotembea na kitambulisho mdomoni namna hiyo. Na wote watatu wanaelewana bila shida.

Kwa hiyo kila karatasi inahitaji lebo ya mahali, na hakuna aliyeipenda lebo hiyo kuliko Charles Sacleux. Padri huyu wa Shirika la Roho Mtakatifu alifika pwani yetu mwaka 1879, akafanya kazi Zanzibar na Bagamoyo, akakusanya mimea na maneno kwa bidii ileile. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris kuanzia mwaka 1939, yeye akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini. Ukiifungua unakuta neno, kisha ufupisho unaokuambia ni la Mvita, la Amu, la Ngazija au la kwingineko. Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilichapishwa London mwaka 1882 baada ya kifo chake, alikuwa mtu wa aina nyingine. Fasili zake hupotea njia, zikasimulia desturi na ubishi wa Mombasa, zikarudi zimechoka. Namsoma Krapf kwa starehe, lakini nikitaka kujua jambo ninamwendea Sacleux.

Faida ya lebo unaiona kwenye neno kaya. Kwa karani wa sensa, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Kwa Msukuma, kaya ni nyumbani: boma, watu, ng'ombe na miti pamoja. Kwa Mijikenda, kaya ni msitu mtakatifu palipokuwa makazi ya mababu, na baadhi ya misitu hiyo iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Mtunga kamusi akiandika "makazi" akaishia hapo, amewanyima wote watatu.

Halafu inakuja sehemu inayopendwa na wasomaji na kuogopwa na mafundi: neno limetoka wapi? Hapa kuna mtu wa jirani anayestahili kutajwa. Edmund Dahl alikuwa mmisionari wa Moravian huko Unyamwezi, na kamusi yake ya Kinyamwezi ilichapishwa Hamburg mwaka 1915, vita vikiendelea. Miaka kumi na miwili kabla ya hapo, Carl Meinhof alikuwa ameipa jina la Dahl kanuni ambayo mmisionari huyo aliigundua kwa kusikiliza: konsonanti mbili zisizo na ghuna zikifuatana katika silabi jirani, ya kwanza hupata ghuna. Ndiyo sababu tatu yetu ni datu kwao. Ndiyo sababu pia Wakikuyu hujiita Gĩkũyũ na kuacha ile ki ya mwanzo kwetu sisi majirani. Mtu alikaa Unyamwezi akahesabu moja, mbili, tatu na wenyeji, na kutoka kwenye hesabu hiyo ya kitoto wanaisimu wa dunia nzima wakapata Kanuni ya Dahl.

Kanuni kama hiyo ni ngazi, inakupandisha kwa hatua zinazoweza kukaguliwa. Kinyume chake ni hadithi tamu. Kuhusu mpungati na mfungate ipo dhana inayopendeza mno: kwamba ni funga na tatu, yaani mtu amenyoosha vidole kumi, akafunga vitatu, vikabaki saba. Jaribu mwenyewe, mkono utakubali mara moja. Fundi naye hujaribu, hucheka, kisha huandika neno "labda" mbele yake, na halifuti hata akiombwa. Nimewahi kusoma vitabu vya asili za majina ya vijiji vyetu ambavyo havina "labda" hata moja, na kila kijiji kimetokana na Mzungu aliyesikia vibaya. Wazungu walisikia vibaya mara nyingi, kweli. Lakini hawakuwa kila mahali.

Kuna maneno ambayo hayafi kwa kuacha kusemwa. Yanakufa kwa sababu kitu chenyewe kimeondoka. Mkulima wa Simiyu anapotelemka kutoka kilimani hadi bondeni hutaja udongo hatua kwa hatua: kikungu, mwekundu, luseni, wa mchanga, itogolo, wenye tabaka gumu chini lisilopitisha maji, unaofaa kwa majaluba ya mpunga, kisha mbuga, mweusi, mzito, unaopasuka kiangazi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani huko Usambara, aliupa mpangilio wa namna hii jina la catena, mnyororo kwa Kilatini, na jina hilo likaingia vitabu vya udongo vya dunia nzima. Pete za mnyororo Wasukuma walikuwa wameshazitaja moja moja. Mtu akiacha jembe akaenda mjini, kitu cha kwanza kumtoka si jina la jembe. Ni tofauti kati ya luseni na itogolo, kwa kuwa hana tena sababu ya kuijua.

Ngitili nusura ipite huko. Vijiji vya ujamaa vilipowahamisha watu katika miaka ya 1970, wenye malisho na malisho yao walitenganishwa. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado chini ya Shinyanga, ngitili zilizojulikana zilikuwa kiasi cha hekta 600. Mpaka mradi unamalizika mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Walichofanya wataalamu wa mradi, na hii ndiyo busara yao, ni kuuliza wazee walifanyaje zamani badala ya kuleta jina jipya la mpango mpya. Leo neno hilo limo katika ripoti za mazingira za lugha mbalimbali, likiandikwa ngitili au ngitiri, na mtunga kamusi anatakiwa kulipa fasili ya pili: eneo lililohifadhiwa na kijiji au taasisi, tofauti na lile la kaya moja.

Nyimbo nazo ni ghala. Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, alikusanya nyimbo za wakulima wa bugobogobo, ngoma ya jembe, za wacheza nyoka, za wawinda tembo na za wapagazi, akaziandika pamoja na tafsiri na maelezo ya wenyewe. Ndani yake kuna maneno ambayo mwimbaji kijana huyaimba sawasawa bila kuyajua, kwa sababu mdundo haukumruhusu kuyabadili. Mkusanyaji anayajua haya. Akimwuliza mtu neno la zamani na asilipate, humwomba aimbe.

Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Mradi wa Lugha za Tanzania mwaka 2001, ukazaa misamiati ya lugha mbalimbali na, mwaka 2009, Atlasi ya Lugha za Tanzania. Vingi vyao ni vitabu vyembamba, na havisomwi na wengi. Nikivishika ninatazama kwanza fasili, kwa maana hapo ndipo mkono wa fundi unapoonekana, na kipimo changu ni cha jikoni. Michembe na matobolwa vyote ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Michembe humenywa, hukatwa vipande vyembamba, huanikwa vikiwa vibichi. Kabla ya kuliwa lazima ipikwe. Matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo hukatwa na kuanikwa. Unaweza kuyatafuna njiani ukiwa huna moto. Fasili inayosema "viazi vikavu" kwa yote mawili ni ya kweli na haina kazi. Mgeni aliyeisoma atanunua michembe stendi ya Bariadi, apande basi, aanze kuitafuna, na abiria wenzake watamtazama. Fundi akiona fasili yake inaweza kumfikisha mtu hapo, karatasi inarudi kwa mayu, na swali linaanza upya, tangu kiazi kinapong'olewa.